Tundu la Gitaa Liko Wazi: Mastaa Wananunua Moshi, Mpiga Besi Anapiga Hewa

Chukua klipu yoyote ya shoo kubwa ya Dar, halafu usimwangalie staa. Peleka macho pembeni, nyuma kidogo ya madansa, pale aliposimamishwa mpiga besi. Kavaa suti nyeupe, miwani ya jua saa nne usiku, gitaa linang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Sasa tafuta waya. Hakuna.

Utetezi unajulikana: jamaa anatumia wayalesi. Sawa, wayalesi zipo na zinafanya kazi vizuri tu. Lakini wayalesi nayo ina kidude kinachochomekwa kwenye tundu la gitaa, au kiboksi cha mkandani chenye kawaya kafupi. Kwenye klipu ya staa mmoja mwenye jina zito, yule aliyejaza mabango mjini kwamba usiku huo ni laivu asilimia mia, tundu la gitaa liko wazi kabisa. Mpigaji anatingisha kichwa, anafumba macho, vidole vinahama uzi hadi uzi kwa hisia kali, na besi inayosikika inatoka kwenye laptopu ya DJ.

Watu wamelipa kiingilio cha laivu. Huo ni utapeli, na uitwe kwa jina lake.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba yule kijana hakuwekwa pale kwa sababu hajui. Anajua sana. Ni deiwaka wa siku nyingi. Jumatano na Ijumaa yuko kwenye baa za Sinza na Kinondoni anapiga rumba, zuku, kopi za zamani na chochote ambacho mteja mwenye hela ataomba, kuanzia saa tatu usiku mpaka wahudumu waanze kupandisha viti juu ya meza. Vidole vyake vina sugu. Halafu anafika kwenye jukwaa kubwa kuliko yote aliyowahi kupanda, na kazi anayopewa ni kuwa pambo.

Kwa nini kila laivu ikichakachuliwa besi ndiyo inakufa kwanza? Jibu liko mfukoni mwa kila mtu. Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano ina uzi wa B unaoshuka hadi kama mara 31. Spika ya simu, hata simu ya mamilioni, haina ubavu wa kusukuma hewa taratibu hivyo. Anachokisikia mtu kwenye klipu ni vile visauti vya juu vinavyozaliwa pamoja na sauti yenyewe, ubongo ndo unajazia pengo. Sasa staa ambaye shoo yake nzima imepangwa kwa ajili ya klipu ya sekunde 30 hana sababu ya kujali sauti ambayo klipu haiibebi. Moshi unaonekana kwenye simu. Fataki zinaonekana, skrini inaonekana, gitaa lenyewe linaonekana, na ndiyo maana linanunuliwa. Amplifaya inakaa nyuma gizani, haimletei mtu like hata moja.

Ila aliyelipa kiingilio hayumo ndani ya simu. Yupo pale uwanjani na kifua chake.

Mameneja wana wimbo wao wa kujitetea: eti amplifaya ya besi ni mambo ya wazee, siku hizi besi inaingia moja kwa moja kwenye mixa. Hapo wana nusu ya ukweli, na ndiyo hatari yake. James Jamerson, mpiga besi aliyebeba nyimbo za Motown kule Detroit, alirekodi sehemu kubwa ya kazi zake gitaa likiingia moja kwa moja kwenye mitambo, bila amplifaya mbele ya maikrofoni. Shoo nyingi kubwa duniani leo nazo zinafanya hivyo. Lakini wanaofanya hivyo wanampa mpigaji monita ya maana au vidude vya masikioni anavyojisikia navyo. Wana kiboksi cha DI, kile kinachoibadilisha sauti ya gitaa iweze kusafiri kwenye waya mrefu hadi kwenye mixa bila kuvuma kama friji bovu. Wana fundi mitambo aliyefika mchana kufanya majaribio. Hapa kwetu "moja kwa moja kwenye mixa" mara nyingi maana yake ni waya wa gitaa kuchomekwa penye nafasi, monita moja imeelekezwa kwa staa, na mpiga besi anakisia anachopiga kwa kuangalia mguu wa mpiga dramu. Kiboksi cha DI cha kawaida ni bei ndogo kuliko meza moja ya VIP. Hakinunuliwi.

Huko baa kuna uhuni wa aina nyingine. Pale hakuna laptopu, muziki ni wa kweli, lakini mwenye bendi, mkurugenzi kama wanavyopenda kuitwa, kanunua maikrofoni mpya za waimbaji na fulana za bendi zenye jina lake mgongoni, halafu besi inachomekwa kwenye amplifaya ya gitaa la solo. Spika ya solo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Koni yake imeundwa kwa safari fupi. Besi inaisukuma mbele na nyuma kuliko inavyoweza, na baada ya wiki kadhaa inaanza kukwaruza, kisha inachanika. Nani analipa? Anakatwa mpiga besi kwenye posho, kwa kosa la kupiga besi.

Ubabe huu una historia. Bendi kubwa za dansi za nchi hii zililelewa na mashirika. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likafuata la mwenye mali: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, DDC ilipoichukua ikawa DDC Mlimani Park. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga besi aliingia na vidole vyake, na akigombana na wakubwa au akiitwa na bendi nyingine alitoka na vidole vyake. Mfumo ule ulikuwa na maumivu yake, wanamuziki wazee wanaujua vizuri. Lakini ulikuwa na mantiki: anayetoa amri ndiye anayenunua vyombo, kikipasuka kitu ni juu yake.

Wakurugenzi na mastaa wa leo wamechukua nusu moja ya mfumo ule. Amri wamebaki nazo. Wanapanga sare, wanapanga muda, wanatoza faini ya kuchelewa. Vyombo sasa wanataka mpigaji aje navyo mwenyewe. Staa mmoja anayejulikana kwa magari, gari lake likiwa barabarani linageuza shingo za watu, anamwita mpiga besi kwa shoo moja, anamwambia aje na amplifaya yake, na nauli ya kuileta haimo kwenye malipo. Yaani kijana anakodi bajaji kutoka Mbagala, anashikilia kabineti njiani kama anamshika mgonjwa, ili staa apate sauti. Akifika anaambiwa asimame mbali kidogo, amplifaya inaharibu picha.

Wapiga besi nao wasijifanye watakatifu. Wengi wamemeza chambo hichohicho cha kamera. Kijana anahangaika mwaka mzima, anakopa, anauza simu, ili apate gitaa lenye jina kubwa kichwani. Akilipata, amplifaya hana, kiboksi cha DI hana, nyuzi ni zile zilizokuja na gitaa. Na mara nyingi jina lenyewe ni la kubandika. Mjini zipo besi feki zenye jina la Fender lililoandikwa vizuri kuliko mbao iliyolibeba. Ukitaka kujua, usisome kichwa. Angalia shingo imeungwaje kwenye mwili, bonyeza kila kijumba hadi kile cha mwisho usikilize kama kuna kinachozizima, zungusha vitasa taratibu kama vinakwaruza. Kisha piga uzi mtupu, piga na uzi huohuo kwenye kijumba cha 12. Sauti zile mbili zinatakiwa ziwe noti moja, ya pili juu zaidi. Zikipishana hata baada ya fundi kurekebisha daraja, achana nalo, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

Fender Precision halisi, lile lililoanzisha mambo yote haya mwaka 1951, ni gitaa la kawaida mno kwa macho. Pikapu moja, vitasa viwili, basi. Jamerson alitumia la 1962, nyuzi bapa, na alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi hizo. Hakuna hata kitu kimoja hapo cha kupigia selfie. Besi nzuri ya daraja la kati ikipata fundi anayejua kunyoosha shingo na kushusha nyuzi inampiga bao gitaa la jina ambalo shingo yake imepinda. Na Dar shingo zinapinda. Unyevu wa pwani unaingia kwenye mbao, chumvi na jasho vinakula nyuzi, gitaa lililowekwa sawa Juni linaweza kusumbua masika. Hela ya fundi mara mbili kwa mwaka na kitambaa cha kufutia nyuzi kila baada ya shoo vina faida kuliko rangi ya dhahabu. Nyuzi zikichoka na mfuko umekauka, wazee wanazichemsha kwenye sufuria, uchafu unatoka, zinakausha na kung'aa tena kwa wiki moja mbili. Si aibu. Aibu ni kupanda jukwaani na nyuzi zinazosikika kama kamba ya kuanikia nguo.

Nyuzi tano nazo zimekuwa fasheni. Kwa anayepiga kanisani, ambako mwimbaji anaweza kuhamisha ufunguo mara tatu ndani ya wimbo mmoja, uzi wa B una kazi na unaokoa. Kwa anayepiga rumba baa kwenye kispika cha inchi 8, uzi huo unatoa uji. Hausikiki noti, unasikika mtetemo wa meza. Na zile besi zenye betri ndani zina siri ambayo wauzaji hawaitaji: waya ukiachwa umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata gitaa likiwa limelala. Jamaa wanaliacha limechomekwa tangu majaribio ya mchana, usiku katikati ya sebene sauti inaanza kukoroma, wanamtazama fundi mitambo kwa jicho baya. Betri ya volti 9 ya akiba mfukoni, mchezo umekwisha.

Sasa amplifaya, ambako ndiko pesa inatakiwa iende na haiendi. Kuna ugonjwa wa wati mjini. Mtu anajisifu ana 600, mwenzake ana 300, anajiona kamzidi mara mbili. Hajamzidi hivyo. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara kumi. Kinachobadilisha mambo ni spika na mahali ilipokaa. Kwa baa yenye mpiga dramu asiye na huruma, amplifaya ya wati 300 yenye spika moja ya inchi 15 au mbili za inchi 10 inatosha kabisa, na uwanjani kazi ya kufikia watu wa nyuma ni ya mitambo mikubwa, siyo ya mpiga besi.

Uzito nao ulikuwa kisingizio, zamani. Ampeg SVT iliyotoka 1969 ilikuwa na wati 300 za taa za kioo, kichwa peke yake karibu kilo 40, na chini yake kabineti ya spika nane za inchi 10 ambayo wapigaji wameibatiza jina la friji. Ile inahitaji Kenta na vijana wanne. Siku hizi kichwa cha wati kama hizo au zaidi kina kilo tatu au pungufu, kinaingia kwenye begi la mgongoni, kinapanda bodaboda. Meneja anayesema amplifaya ni mzigo anazungumzia vitu vya wakati wa babu yake.

Walionunua mtumba wawe macho na jambo moja ambalo limeunguza vichwa vingi. Amplifaya ya Japani ilitengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Soketi ya hapa ni 230. Nyuma ya chombo kuna maandishi, yasomwe kabla ya kuchomeka, siyo baada ya moshi. Kama ni ya volti ndogo na haina swichi ya kubadilishia, inataka transfoma ya kushusha umeme, na transfoma yenyewe iwe na uwezo wa kubeba mzigo huo. Kingine ni omu. Kabineti mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa kawaida zinageuka omu 4, na vichwa vingi vya transista vinakomea hapo. Mkurugenzi akija na wazo la kuongeza kabineti ya tatu ili "besi ipige zaidi", zinashuka chini ya 3, kichwa kinachemka, kinazima, na lawama inajulikana inaenda kwa nani.

Kuna kosa la wapigaji wenyewe linalowapa maadui zao silaha. Akiwa chumbani peke yake, mtu anapandisha besi na treble, anazika sauti za katikati. Inanguruma tamu, majirani wanagonga ukuta. Akiingia kwenye bendi anapotea. Chini pale kuna teke la dramu, juu kuna matoazi, na katikati, ambako besi ingeongea maneno yanayosikika, yeye mwenyewe kapafuta. Anajiona hasikiki, anaongeza sauti, ukumbi unavuma, fundi mitambo anamzima kabisa. Kisha staa anasema si unaona, bora laptopu. Rekebisho halina gharama: punguza chini, rudisha katikati. Halafu inua amplifaya. Ikikaa sakafuni inapigia ndama za miguu, na magoti hayana masikio, wakati sakafu inaongeza mvumo unaowasumbua wa meza za mbele. Kreti mbili za bia chini yake, mpigaji anajisikia, haongezi sauti ovyo. Kreti hazijawahi kukosekana baa.

Mafundi mitambo nao wana dhambi yao. Wengi wamekulia kwenye madisko, wanadhani besi nzuri ni ile inayotikisa vioo. Wanasukuma mtetemo wa chini kabisa hadi kifua kinabana, noti hakuna. Mpiga besi anatembea kutoka noti hadi noti kwa akili, kwenye rumba anaacha mapengo makusudi ili wachezaji waingize kiuno, na huku nje watu wanasikia treni moja ndefu inapita. Mapengo yale ndiyo muziki. Ukiyafukia, hata anayecheza hajui kwa nini amechoka mapema na kurudi kukaa.

Wanaosema mashabiki hawajali besi waende baa yoyote yenye bendi wakati waya wa besi unapokatika katikati ya sebene. Hakuna atakayesimama aseme "besi imekatika". Watu watapunguza tu, mmoja ataangalia simu, wawili watarudi mezani. Waya ukirudi, sakafu inajaa tena. Shabiki hajui jina la kitu kilichomwinua, lakini anakilipia, na staa aliyeandika laivu kwenye bango amechukua hela hiyo.

Kwa hiyo deiwaka anayeitwa kwenye shoo ya laivu aulize mapema, kwa meseji ili ibaki: amplifaya ni ya nani, ina wati ngapi, besi inachomekwa wapi, monita ipo au haipo. Akiambiwa aje na yake, ikodishwe kama jenereta na mahema yanavyokodishwa, kwa bei yake, mbali na posho, na bajaji ya kwenda na kurudi iwe juu ya mwenye shoo. Hakuna aliyewahi kumwomba mwenye jenereta aje nalo kwa mapenzi ya muziki. Na akiambiwa aje na gitaa tu, asihangaike na waya, basi hapo kaitwa modo, hakuitwa mpiga besi. Atoze bei ya modo, na alipwe kabla kamera haijawashwa.